Nani Aliyemsainia Seneta?

Lindau, 12 Januari

Kaka Verlyn,

Hujambo? Mimi sijambo, na Mama hajambo, ila bado amenuna. Jumapili ile nilipokupigia kelele kwenye simu nikiwa chumbani kwake, kumbe alikuwa macho muda wote. Nilipokata simu akaniambia, "Mkitaka kubwekeana, nendeni nje na mbwa. La sivyo andikianeni barua kama watu." Ana miaka tisini na moja na bado anatupangia. Basi barua ndiyo hii. Ukinijibu kwa simu sipokei.

Habari yenyewe unaijua. Nyumba ya wazee ya hapa Lindau anakoishi Mama itafungwa mwisho wa Juni mwakani, jimbo lisipoongeza malipo. Kama kura ya wananchi ya Novemba kuhusu malipo hayo itapita, bodi imesema itavumilia hadi fedha zije. Jambo hili lisipoingia hata kwenye kura, hawangoji mwakani, wanafunga Juni hii hii. Kitanda cha karibu kilicho wazi kiko Carrick, saa tatu kwa gari barabara ikiwa kavu, na wewe unajua barabara ile inakauka mara ngapi. Mwaka jana nyinyi wakubwa wa bungeni mliombwa nyongeza mkaizika kwenye kamati. Mwaka juzi vilevile. Ndiyo maana tunakusanya saini, ili swali liende kwa wananchi wenyewe. Babu wa babu yetu aliipata haki hiyo kabla hajapata hata choo cha ndani.

Halafu nafungua gazeti la Alhamisi, nakuta picha yako. Umevaa tai niliyokununulia mimi, na chini pameandikwa kwamba Seneta Heupel analeta muswada wa kubana ukusanyaji wa saini. Verlyn! Kati ya watu wote! Ungenizaba kofi ningejua la kufanya.

Niambie gazeti limekosea.

Dada yako,
Arlis


Mji mkuu, 19 Januari

Arlis,

Gazeti halikukosea. Tai ni nzuri, asante tena.

Muswada ni wa chama chetu na mimi ndiye ninayeusimamia, wala sioni haya. Umesahau kampeni ya mwaka juzi? Vijana waliletwa kwa basi kutoka majimbo mengine, wakilipwa kwa kila saini, wakamziba mtu mlango wa duka na maziwa yake mkononi. Nusu yao hawakujua karatasi inasema nini. Fedha zilitoka mbali, na tangazo lao la televisheni hata jina la mji wetu halikuweza kulitamka. Mtu ambaye hajawahi kumvuta ndama kwenye baridi anataka kutuandikia katiba. Hapana.

Tunachotaka ni kidogo. Mkusanyaji amwone kwa macho yake kila mtu anaposaini, kisha ale kiapo kwamba amewaona wote. Kila mtu asaini kwa mkono wake mwenyewe, na ikipatikana saini moja iliyoghushiwa, karatasi nzima itupwe. Tarehe ya mwisho isogezwe kutoka Mei hadi Machi ili watu wa uchaguzi wapate nafasi ya kuhakiki. Saini ni neno la mtu, Arlis. Nani anaogopa hilo, kama si mwenye la kuficha?

Wenzenu wa chama kile kingine watasema tunawanyamazisha wananchi. Waseme. Wao wakishindwa kwenye uchaguzi hukimbilia kwenye saini, na hilo nalo unalijua.

Kuhusu Mama, usinifanye mtu asiyempenda mama yake. Nimezungumza na mwenyekiti wa kamati ya bajeti. Subira, mdogo wangu.

Verlyn


Lindau, 10 Februari

Kaka,

Subira yenu ndiyo iliyofunga duka la dawa, ikafunga na shule.

Nasikia muswada umepita na umeanza kazi siku hiyo hiyo, mkakataa hata kungoja Julai. Sawa. Tunakimbia. Baridi ya wiki hii imegandisha wino, kalamu naziweka kifuani. Mimi mjane wa miaka sitini na mbili, natembea na kalamu sita kifuani, na kila mzee wa mji huu anajua nazitoa wapi. Usicheke.

Sheria yako imenigombanisha na wanawake wote wa kaunti. Twila Reuer alinifungulia mlango akasema, "Harlan yuko zizini anazalisha ng'ombe, lete nimsainie." Nikamwambia haiwezekani. Akanitazama kama nimemtukana. "Arlis, mimi ndiye ninayesaini hundi zake, kadi zake za Krismasi na ahadi yake ya kanisa. Mtu huyu hajashika kalamu tangu tuoane." Wanaume wa huku ndivyo walivyo, mikono ni ya koleo tu. Nikaenda zizini. Harlan mikono ilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, akasema nirudi siku nyingine. Kila nyumba ni hivyo hivyo.

Lakini Jumamosi ilikuwa njema. Niliweka mbao zangu mbili za kubania karatasi za saini kwenye meza ya mkahawa wa mnadani, na ng'ombe walikuwa wengi, kwa hiyo watu nao walikuwa wengi. Gari la mzee Fritz liligoma kuwaka, nikatoka na nyaya zangu za betri nikamwashia. Niliporudi, karatasi zilikuwa zimejaa mpaka mstari wa mwisho. Nililia kidogo pale pale.

Na jioni nikizipitia niliona kitu ambacho sitakiandika hapa, maana barua hupotea. Ninasema hivi tu: najua ulikuwa nyumbani Jumamosi, na najua ulichofanya. Sitamwambia mtu. Lakini nimekusamehe yote, hata ile picha ya gazetini.

Dada yako anayekupenda,
Arlis


Mji mkuu, 14 Februari

Arlis mpenzi,

Barua yako imenitoa machozi ofisini, na katibu wangu akadhani kuna msiba.

Sikutaka ujue. Lilikuwa jambo dogo, ambalo mtoto yeyote angelifanya kwa ajili ya mama yake. Nilipofika pale Jumamosi asubuhi nikaona hali ilivyo, nikajiambia, Verlyn, usipofanya wewe, atafanya nani? Basi nikafanya, na mkono ulinitetemeka.

Ila nakuomba libaki kati yetu. Wenzangu huku wakisikia watanitania mpaka kikao kiishe. Hata mke wangu Joleen sijamwambia.

Kamati ya bajeti imeahirisha tena. Naendelea kuwasukuma.

Kaka yako,
Verlyn


Lindau, 31 Machi

Kaka,

Tumewasilisha leo. Gari la pikapu lilijaa maboksi, na mvua ya barafu ilikuwa ikinyesha njia nzima. Tumezidi idadi inayotakiwa, lakini si sana. Kama mngetuachia mpaka Mei, tungekuwa tumelala usingizi. Sasa karatasi mbili tatu zikianguka, tumekwisha.

Nimekula kiapo kwa kila karatasi yangu kwamba nilimwona kila mtu akisaini. Mkono juu, mbele ya karani. Nilisita kidogo, kwa sababu ya ile meza ya mnadani, lakini nikajiambia ni majirani zangu, nawajua wote, na mmoja wao ni kaka yangu.

Ungemwona Mama! Ameagiza kuchen, keki yake ya plamu, na amekula vipande viwili. Anawaambia manesi kwamba haondoki.

Arlis


Mji mkuu, 17 Aprili

Arlis,

Naandika nikiwa na hasira, na nimezisubiri zipungue tangu asubuhi, hazijapungua.

Leo amekuja wakili wa chama chetu, kijana mmoja anaitwa Tanner Voss, anacheka meno yote. Chama kimelipinga ombi lenu, na watu wake wanapitia karatasi moja moja. Amenipa nakala ya karatasi ya mnadani, kidole kimesimama katikati. "Mheshimiwa, tazama mstari huu." Verlyn J. Heupel. Jina langu, anwani yangu, tarehe ya Jumamosi ile. Mimi, mwenye sheria!

Nilicheka. Kisha akaniambia jambo lililoniondolea kicheko. Ofisi ya uchaguzi imeilinganisha saini hiyo na iliyoko kwenye faili langu, na zimelingana kabisa. "Kwa hiyo aliyeghushi," akasema, "ni mtu anayekujua vizuri sana. Mkusanyaji ni nani? Arlis Opp. Si dada yako huyo?"

Ulijifunza kuniiga mkono tangu shule, Arlis. Ulikuwa ukinisainia daftari za shule kwa jina langu. Nilidhani tumeshakua.

Anataka nisaini hati ya kiapo kwamba saini ile si yangu. Nikisaini, karatasi inatupwa, na anasema ikianguka hiyo ombi lote linaanguka. Wewe utashtakiwa kwa kiapo cha uongo. Nimemwomba siku chache. Niambie kwa nini ulinifanyia hivi. Ulitaka kunichekesha mbele ya jimbo zima?

Verlyn


Lindau, 20 Aprili

Verlyn,

Wewe mwongo mkubwa. Mwongo wa kuzaliwa!

Barua yako ya Februari ninayo hapa mezani. "Lilikuwa jambo dogo, ambalo mtoto yeyote angelifanya kwa ajili ya mama yake." Ni nani aliyeandika hayo, mbwa? "Nikafanya, na mkono ulinitetemeka." Nimeilalia barua hiyo miezi miwili. Nimekuwa nikikutetea kanisani kila wanapokusema, huku nimefunga mdomo wangu kama ulivyoniomba, nikijua moyoni kwamba kaka yangu alipita mnadani akaweka jina lake kwa ajili ya Mama. Na sasa wakili amekukunjia uso, unanigeuzia mimi!

Nimekuiga mkono nilipokuwa na miaka kumi na moja. Sijakuiga tena. Kama unaona haya kwa ulichofanya, sema unaona haya. Usinipeleke mimi mahakamani kwa ajili ya haya yako.

Na ukisaini hati hiyo, usije kwa Mama nikiwepo.

Arlis


Mji mkuu, 22 Aprili

Arlis,

Kucha!

Nilimkata Mama kucha za miguu! Jumamosi ile nilipofika, nilikuta zimekuwa ndefu zimejikunja, wamepungukiwa na watu wa kumhudumia, na anaona haya kuomba. Nikaazima mkasi, nikapiga magoti nikamkata, huku mkono ukinitetemeka nisimuumize. Hilo ndilo nililodhani umeliona. Hilo ndilo nililoomba usimwambie mtu. Sikufika mnadani. Jioni nilirudi mji mkuu.

Mungu wangu, Arlis. Kama si wewe na si mimi, ni nani?

Verlyn


Shambani, 24 Aprili

Wapenzi Verlyn na Arlis,

Nawaandikia barua moja na kutoa nakala, maana sina muda wa mbili, ndama bado wanakuja. Arlis amenionyesha barua zote jana. Tulizisoma jikoni. Kwenye kucha nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ni mimi.

Verlyn, mume wangu, mara ya mwisho ulisaini nini? Fikiri vizuri. Mkopo wa trekta nilisaini mimi. Bima, kodi, kadi ya harusi ya mpwa wako. Usajili wako wa kupiga kura niliupeleka mimi mjini. Na ile hati ya kiapo cha kugombea useneta, unakumbuka? Ulikuwa na mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, ukanipigia kelele, "Saini tu, Joleen, karani anafunga!" Nikasaini, nikaenda, karani akagonga muhuri bila kuinua macho kwa sababu tunaimba kwaya pamoja. Hiyo saini iliyoko kwenye faili lako si yako. Haijawahi kuwa yako. Ndiyo maana zimelingana.

Wifi Arlis, Jumamosi ile ulipotoka na nyaya zako, tulikuwa mezani mimi na Twila. Yeye alimsainia Harlan kwenye ubao mmoja, mimi nikamsainia Verlyn kwenye mwingine. Hatukufikiri kitu. Hapana, hilo si kweli. Twila ndiye hakufikiri. Mimi nilifikiri.

Verlyn, asubuhi ile ulirudi kutoka kwa Mama ukakaa ndani ya gari uani, injini imezimwa, hukushuka. Nilikuona kutoka dirishani. Nilijua unalia na nilijua hutasema, kwa sababu chama, kwa sababu mwenyekiti, kwa sababu subira. Mimi husaini unachotaka wewe unapokuwa na kazi nyingi. Nikaona siku hiyo pia una kazi nyingi.

Sikuomba ruhusa. Nilikosea, na nitasema hivyo kwa yeyote atakayeniuliza.

Joleen


Lindau, 27 Aprili

Kaka yangu,

Nisamehe kwa yale ya mwongo wa kuzaliwa. Nitakuomba radhi vizuri siku tukionana. Leo nina jambo moja tu.

Nyamaza.

Huna haja ya kusema uongo. Usisaini hati ya yule kijana, basi. Ofisi imeshasema saini ni sawa. Hakuna anayejua isipokuwa sisi watatu. Ukikaa kimya, karatasi inabaki, ombi linapita, Novemba watu wanapiga kura, Mama anafia kitandani kwake Lindau Mungu akipenda. Ukifungua mdomo, wewe huna useneta, kwa sababu kiapo chako cha kugombea hukukisaini. Joleen na mimi tunaingia kwenye mashtaka. Na mji huu unapoteza nyumba yake ya wazee. Nani atafaidika? Tanner Voss na meno yake.

Karatasi ya Twila imeshatupwa, maana saini ya Harlan haikulingana na ya kwenye faili, aliyoiweka mwenyewe kabla hawajaoana. Twila ameitwa mbele ya mwendesha mashtaka wa kaunti. Jirani yake ananiambia Twila hata chakula hali.

Kaka, kila siku tangu utotoni nimekuomba useme. Sasa nakuomba unyamaze mara moja tu. Nimechoka kukimbia, na naogopa.

Arlis


Mji mkuu, 5 Mei

Arlis,

Nimesema.

Nataka uisikie kwangu kabla ya gazeti. Asubuhi ya kusikilizwa kwa lile pingamizi la chama, nilikuwa nimeshaamua kufanya ulivyoniomba. Nilijiambia, huu si uongo, ni kukaa tu. Nikaingia jengo lile kwa mlango wa nyuma, na kwenye benchi la ukumbini alikuwa ameketi Twila Reuer, peke yake, na mkoba wake wa kanisani mapajani. Walikuwa wamemleta kutoa ushahidi. Akanyanyuka kwa heshima. "Habari za asubuhi, Seneta," akasema, kama vile mimi ndiye mwenye nyumba. Nikamjibu nikapita.

Ndani wakaniuliza kama saini ile ni yangu. Nikamfikiria yule mama pale nje. Mambo yale yale, meza ile ile, kalamu pengine ile ile. Mmoja anapigwa faini kwa sababu mume wake ni Harlan, na mwingine anakwenda nyumbani kwa sababu mume wake ni mimi. Na sheria niliiandika mimi, nikasema nani anaogopa, kama si mwenye la kuficha.

Nikawaambia ni mkono wa mke wangu, na kwamba hata kiapo changu cha kugombea ni mkono wa mke wangu, na hata kadi yangu ya kupigia kura. Voss alifurahi kwa sentensi ya kwanza. Kwa ya pili alianza kukusanya karatasi zake. Nimejiuzulu kabla hawajaniondoa. Mwenyekiti hakunipa mkono.

Joleen amepigwa faini sawa na ya Twila. Nilihakikisha ni sawa. Wewe, wamekubali hukujua, lakini kiapo ni kiapo, na nasikia watakuzuia kukusanya saini.

Karatasi ile imetupwa na ombi limeanguka, na najua maana yake kwa Mama. Ninajua, Arlis. Sikulala jana na sidhani nitalala leo.

Verlyn


Lindau, 30 Juni

Verlyn,

Tumemhamisha Mama jana. Hukuja, na nilikuwa nimekuambia usije, na nilikuchukia kwa kunisikiliza.

Alivaa koti lake la bluu ingawa kulikuwa na joto. Walipomwingiza kwenye gari aliwashukuru manesi mmoja mmoja kwa majina, na mmoja wao akaingia ndani akalia bafuni. Tulipofika Carrick akauliza Lindau iko upande gani. Nikamwonyesha. Akataka kitanda kigeuzwe kielekee huko. Wakasema hakiwezi kugeuzwa kwa sababu ya mitambo ya ukutani, basi analala na shingo imepinda. Nitakwenda kila Alhamisi. Wiki ina siku nyingine sita.

Ulisema kweli. Kila mtu ananiambia hivyo, hata mchungaji: angalau alisema kweli. Najua. Nakuheshimu kwa hilo, na bado kweli yako ndiyo iliyomweka Mama kule. Kweli yako isingehitajika kama usingeandika sheria ile. Hivyo viwili siwezi kuvitenganisha, nimejaribu.

Mimi nimezuiwa kushika karatasi ya saini kwa miaka minne. Nitakuwa na sitini na sita. Lakini watu wameanzisha ombi jipya, la kuifuta sheria yako na kurudisha tulivyokuwa. Kisha watalirudia lile la nyumba za wazee, kama kutakuwa na nyumba iliyobaki. Wanahitaji miguu. Kaunti yetu haina mtu.

Ubao wangu nimeuacha jikoni kwa Joleen. Ukitaka kuomba msamaha, usiniandikie mimi.

Arlis


Barabarani, shamba la Reuer, 8 Agosti

Arlis,

Umesema nisikuandikie msamaha, na barua hii siyo hiyo. Nakuandikia kwa sababu niko ndani ya gari na siwezi kutulia, na nisipoandika nitawasha injini niende nyumbani.

Nina wiki ya tano sasa nikikusanya saini. Asubuhi niko mbele ya duka, mchana mnadani. Watu hunizunguka kwa mbali kama mbwa aliyelowa. Wengine husaini bila kunitazama. Mzee Fritz aliniuliza kama nimelipwa na watu wa nje, na maneno yale yalikuwa yangu.

Nyumba hii nilikuwa nikiipita kila siku bila kuingia. Leo nimeingia. Twila alifungua mlango, akatazama ubao, akanitazama mimi.

"Harlan yuko shamba la kaskazini anavuna," akasema. "Simsainii."

Nikamwambia najua. Nikamwuliza kama yeye atasaini, akasema atafikiri. Nikamshukuru nikaondoka.

Nilimkuta Harlan juu ya mashine yake ya kuvunia. Nilisimama ukingoni mwa ngano. Aliniona, akanipita. Akaenda mpaka mwisho wa shamba, akageuka, akanipita tena. Vumbi lilinijaa kinywani. Nilisimama tu. Alipokuja tena alisimamisha mashine lakini hakuizima, akashuka, akachukua ubao akaisoma karatasi yote mbele na nyuma, taratibu, kama anayenunua ng'ombe asiyemwamini.

"Kwa nini niweke jina langu kwenye karatasi uliyoishika wewe?" akaniuliza.

"Kwa sababu nilikosea, Harlan," nikasema. "Na aliyelipa ni mke wako."

"Umemwambia yeye?"

Nikafuta vumbi usoni.

"Umetoka nyumbani kwangu sasa hivi. Nimeliona gari lako. Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Alikuwa hatoki, Verlyn. Mwezi mzima. Kanisani hakwenda. Twila, ambaye hajawahi kukosa kwaya." Akanirudishia ubao, mstari wake ukiwa mtupu. "Anza na yeye. Kisha rudi. Mimi niko hapa mpaka giza." Akapanda akaondoka.

Basi nimegeuza gari. Nimeegesha mbele ya nyumba yao, nakuandikia haya nikiwa nimeegemea ubao wako. Hotuba nimetoa nyingi mno maishani, Arlis, na sasa sina hata sentensi moja. Twila yuko dirishani jikoni, anaosha vyombo, ameshaniona. Amekausha mikono. Anangoja nigonge.

Nashuka.

Verlyn